Mkunga wa Ruvu: Jibu Lililochelewa

Ndugu Mhariri ameniomba nichangie kurasa chache katika toleo hili la mkutano wetu, akanionya nisiandike habari za mpira dhidi ya Minaki, kwa sababu wenzangu watatu wamekwisha ziandika na idadi ya magoli hailingani katika makala zote tatu. Basi mimi nitaandika habari za samaki. Nina deni la jibu tangu mwaka 1968, na aliyeuliza swali hayupo tena duniani. Lakini wengi waliolisikia swali lile bado wapo, na gazeti hili linawafikia.

Ilikuwa wakati wa masika, kipindi cha mwisho kabla ya chakula cha mchana. Mwalimu wetu wa biolojia, mmoja wa wale waliotoka Norwei chini ya Mradi wa Nordiki, alichora ubaoni mto uanzao mlimani na kuishia baharini, kisha akachora samaki akiupanda mto huo, kichwa kikielekea mlimani. Akatueleza habari za samoni wa kwao. Alipomaliza alikung'uta chaki mikononi, akauliza, "Na Ruvu je? Nao una samaki wasafirio kwa majira?"

Tukanyamaza. Mimi nilikuwa najua. Babu yangu mzaa baba alikuwa mvuvi wa Ruvu, na mjomba wangu alikuwa mvuvi wa Kisiju. Samaki wenye majira nilikuwa nimewala tangu kuota meno. Lakini siku zile kijana aliyekwisha vaa viatu vya shule hakupenda ijulikane kwamba kwao hunuka moshi wa kambale. Nikainamia daftari. Mwenzetu mmoja akasimama akasema, "Hapana, Mwalimu. Samaki wa Ruvu hukaa tu." Darasa zima likacheka, nami nikacheka pamoja nao. Mwalimu akaandika jambo dogo katika kitabu chake, na kengele ikalia.

Kwa faida ya wale waliokuwa wakisinzia siku ile, nitaeleza kwa ufupi. Samoni huzaliwa katika kokoto za mto wenye maji baridi na safi. Akiisha kukua kidogo huteremka baharini, akala huko mwaka mmoja, miwili au zaidi, akanenepa. Kisha majira yake yakifika hurudi, na aghalabu hurudi katika mto ule ule aliozaliwa, akiutambua kwa harufu ya maji yake. Huruka maporomoko, huacha kula, hutaga mayai yake pale pale penye kokoto. Samoni wa Bahari ya Pasifiki hufa baada ya hapo. Yule wa Atlantiki huweza kupona na kurudi tena baharini. Yuko pia stilihedi wa pwani ya magharibi ya Marekani, ambaye kwa asili ni samaki yule yule trauti, ila yeye huenda baharini na kurudi. Huyo trauti tunaye sisi pia: Waingereza walimpandikiza katika vijito vya baridi vya Kenya, na baadaye vya Kilimanjaro na nyanda za juu za kusini, ili wapate mchezo wa ndoana siku za mapumziko. Alikaa huko huko mlimani. Maji ya Ruvu yangempika kabla hajafika Mlandizi.

Kwa hiyo watu wa kaskazini wana kalenda yao ya samaki, na wamejenga juu yake sheria, vyama na hata ugomvi wa mahakamani. Swali la Mwalimu lilikuwa kama sisi nasi tuna kalenda yetu. Tunayo, na ni ya zamani.

Ruvu hutoka katika milima ya Uluguru, hupokea Mgeta na Ngerengere, hupita chini ya daraja la reli penye stesheni yenye jina lake, huipita Mlandizi, kisha humwagika baharini karibu na Bagamoyo. Katika vitabu vya wapelelezi wa Kizungu sehemu ya chini ya mto huu huitwa Kingani. Burton na Speke waliufuata mwaka 1857, na Stanley aliuvuka mwaka 1871 akienda kumtafuta Livingstone. Wote waliandika mengi juu ya matope, viboko na homa. Hata jina hilo la Kingani limebaki zaidi katika vitabu vya wataalamu wa samaki, ambao wakitaja makao ya perege wetu husema Rufiji, Kingani na Wami.

Babu hakuwa na kitabu, lakini mwaka wake ulikuwa umegawanyika barabara. Kuanzia Januari, jua likiwa kali na mto umepungua hadi mchanga unaonekana, yeye alikuwa akikata fito na kusuka migono. Mgono wa Ruvu ni mtego mrefu mfano wa chupa, mdomo mpana, na ndani yake umo mdomo wa pili wa vijiti vyembamba vilivyoelekezwa ndani, hivyo aingiaye hapati njia ya kutokea. Alisuka kimoja kwa siku mbili, na hakupenda kuzungumzishwa.

Masika yakianza, mwezi wa Machi, maji hubadilika rangi kwanza. Huwa mekundu kabla hayajapanda. Babu alikuwa akisema, "Uluguru kumekucha," maana yake mvua imepiga huko juu na siku mbili tatu zijazo bonde litajaa. Wazee wa Kizaramo waliotangulia walikuwa na safari zao za kwenda Kolelo, katika milima hiyo hiyo, kuombea mvua. Nadhani mtu anayeishi bondeni hawezi kuusahau mlima hata siku moja.

Bonde likijaa, kambale hutoka mtoni. Hilo ndilo jambo ambalo ningalimwambia Mwalimu. Kambale hangoji, maji ya kwanza yakigusa majani, naye huingia majanini usiku, wakubwa kwa wadogo, kwenda kutaga mahali pa kina cha goti. Anayo pumzi ya ziada juu ya mashavu yake, hivyo huweza kujiburuta katika tope na nyasi mbichi pale ambapo samaki mwingine angekufa. Nimewasikia kwa masikio yangu wakipiga mikia majanini usiku wa manane, sauti kama ya watu wanaofua nguo gizani. Perege naye hufuata, ila yeye ni muungwana, huja mchana.

Babu na wenzake walikuwa wamekwisha kuweka nyuzio za fito katika vijito vinavyounganisha mto na bonde, na migono katika mapengo ya nyuzio hizo. Hawakuvua sana wakati samaki wanaingia. Walivua wakati wanatoka, mwezi wa Mei na Juni, maji yanaporudi mtoni na samaki wamenona. Na katika kila uzio babu aliacha nafasi moja isiyo na mgono, upana wa hatua moja. Nilipokuwa mdogo nilidhani amepungukiwa na mtego, nikamwambia, "Babu, hapa wanapita." Akanijibu, "Mjukuu wangu, huo ni mlango wa mwenye mto." Sikumwuliza mwenye mto ni nani. Nilidhani anasema mamba.

Baada ya hapo, wakati wa kipupwe, ilikuwa zamu ya akina mama. Maji yakiisha kurudi, bondeni hubaki viziwa, na katika viziwa hivyo samaki wamefungika. Siku ilipangwa, na wanawake wa kijiji kizima waliingia pamoja kwa mstari, kila mmoja na tenga lake lisilo na kitako, wakilichoma matopeni hatua kwa hatua. Akisikia kitu kinagonga ndani, hupitisha mkono kwa juu na kumtoa. Bibi yangu alikuwa na kovu la mwiba wa kambale kati ya vidole viwili, na alilionyesha kwa wageni kama mtu aonyeshavyo nishani. Kambale waliokaushwa juu ya chanja kwa moshi walifungwa kwa kamba za migomba na kupelekwa stesheni ya Ruvu, na kutoka hapo wakaenda Dar es Salaam kwa gari moshi. Ada yangu ya shule ya kati ilitoka katika mafungu hayo. Ndiyo maana nasema nilikuwa na sababu ya kusimama darasani siku ile.

Sasa upande wa mama. Wakati huo Kisiju ilikuwa ndani ya Wilaya ya Kisarawe. Mkuranga ilikuja kuwa wilaya ya peke yake katika miaka ya 1990. Kwa hiyo mtu wa Kisarawe aliweza kuwa mtu wa msitu wa Pugu, au wa mihogo ya Maneromango, au wa bahari inayotazama visiwa vya Koma na Kwale, na wote wakaitwa watu wa wilaya moja. Likizo ya Juni nilipelekwa kwa mjomba, na huko nilikuta kalenda nyingine, yenye pepo badala ya mafuriko. Kaskazi ikivuma bahari ni ya kwenda mbali. Kusi ikishika, ngalawa hukaa karibu na nchi. Ndani ya miezi kulikuwa na bamvua na maji mafu, na mjomba aliweza kukwambia saa ya kujaa kwa kuutazama mwezi wa jana.

Jambo la ajabu la Kisiju ni kwamba huko nako mvua za bara ndizo zilizotawala. Kambamti hutaga baharini, lakini watoto wake huingia katika mikoko, wakakulia humo kwa miezi michache penye maji ya chumvi yaliyochanganyika na ya mito. Masika yakimwaga maji mengi, kambamti waliokua hutoka mikokoni kwenda bahari kuu, na hapo ndipo mavuno huwa makubwa. Akina mama walitanda uduvi kwa nguo, wawili wawili, wakitembea katika maji ya kiunoni, na wanaume walivuta nyavu pembezoni. Mjomba alikuwa akiuliza kila mgeni atokaye bara, "Mpwa wangu, huko mvua vipi?" Wengine walidhani anauliza kwa adabu tu. Alikuwa akihesabu kambamti wake.

Kambamti hao baadaye walikuwa mali ya kuuza nchi za nje, na meli za kukokota nyavu zikavua katika maji ya Bagamoyo, ya Kisiju na ya Delta ya Rufiji kwa miaka mingi. Wavuvi wadogo walilalamika kwamba nyavu zao zinakatwa na samaki wadogo wanatupwa wamekufa. Mavuno yalipopungua mno, Serikali ilisimamisha uvuvi huo wa meli kuanzia msimu wa 2008. Mjomba hakuuona mwaka huo. Alikuwa amekwisha uza ngalawa yake, akahamia kwenye minazi.

Lakini kambale na kambamti ni nusu ya jibu. Mwalimu aliuliza juu ya msafiri wa kweli, yule atokaye baharini na kupanda mto. Naye yupo: ni mkunga.

Kiswahili chetu kimempa jina moja na mama anayezalisha, nami huona hapo pana mzaha, kwa kuwa mkunga wa mtoni ndiye samaki ambaye hakuna mtu aliyepata kumwona akizaa. Babu alimkamata mara chache, mnene kama kifundo cha mkono, mgongo wa kahawia, akiteleza kama sabuni. Nilipomwuliza mbona hatumwoni na mayai kama kambale, alisema, "Huyu si wa hapa. Huyu anatoka chumvini akiwa kama uzi, anakaa kwetu mpaka anazeeka, halafu gharika kubwa ikija anarudi kwao." Nikamwona mzee anaota. Nilikuwa nimefika darasa la sita, najua kila kitu.

Wakubwa kuliko babu walishindwa na fumbo hili. Aristotle, Mgiriki wa kale, aliandika kwamba mikunga hutokana na matope. Mwaka 1876 kijana mmoja huko Trieste alipasua mikunga wapatao 400 akitafuta viungo vya uzazi vya dume, asipate jibu la hakika. Kijana huyo alikuwa Sigmund Freud, ambaye baadaye aliacha samaki akapasua ndoto za watu. Ndipo Mdenishi Johannes Schmidt, kuanzia mwaka 1904, alipokokota nyavu laini katika Atlantiki kwa karibu miaka 20, akipima watoto wa mkunga waliofanana na majani ya kioo. Kila alipopata wadogo zaidi alisogea upande huo, hata akafikia Bahari ya Sargasso. Huko ndiko mkunga wa Ulaya azaliwako. Kati ya 1928 na 1930 meli yake, Dana, ilizunguka dunia na kupita katika Bahari ya Hindi pia, ikiwatafuta mikunga wa nchi za joto.

Katika mito inayomwagika upande wetu wa Bahari ya Hindi wako mikunga wa aina nne. Wataalamu wanaamini kwamba huzaliwa mbali, katika maji ya kina upande wa mashariki ya Madagaska, wakachukuliwa na mikondo ya bahari hadi pwani wakiwa wembamba na wang'avu kama uzi wa nailoni. Huingia mitoni, hupanda usiku, hupita maporomoko kwa kutambaa juu ya mawe yenye unyevu, na huishi katika maji matamu kwa miaka mingi, pengine zaidi ya 10. Kisha, mafuriko yakija, wakubwa hugeuka rangi ya fedha, huteremka, na hawaonekani tena. Babu alikosea jambo moja tu: hakujua habari ya Madagaska.

Kwa hiyo mkunga ni samoni aliyegeuzwa. Samoni huzaliwa mtoni, akala baharini, akarudi kufia mtoni. Mkunga huzaliwa baharini, akala mtoni, akarudi kufia baharini. Mwalimu wetu angaliugeuza mchoro wake ubaoni, kichwa cha samaki kikaelekea upande wa pili, na somo lingekuwa limekwisha.

Yaliyoupata uvuvi wa bonde nitayasema kwa haraka, kwa kuwa wengi wenu mliyaona. Mtambo wa maji wa Ruvu Juu, pale Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959, na ule wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, mwaka 1976. Baada ya upanuzi wa miaka hii ya karibuni, mitambo hiyo miwili imeweza kutoa lita milioni 196 na lita milioni 270 kwa siku. Bila maji hayo Dar es Salaam haiwi mji, wala hata sisi tuliosoma hapa Kibaha tusingekunywa. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 ilileta leseni, na ile ya 2003 ikachukua nafasi yake. Katika miaka ya vijiji, watu wa kwetu walihama bondeni wakaja karibu na barabara. Mwaka 1974 babu alibeba migono miwili kichwani, akaitundika darini mwa nyumba mpya, na kilomita tisa hadi mtoni zikawa nyingi kwa miguu yake. Nyavu za nailoni zilishika kazi iliyobaki. Nyavu za nailoni hazina mlango.

Mwishoni mwa mwaka 2022 mvua zilichelewa, Ruvu ikakauka hata Dar es Salaam ikapewa maji kwa mgawo. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule ulitiwa sahihi mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda, huko Morogoro Vijijini, la kuhifadhi lita bilioni 190 ili mto usiishiwe wakati wa kiangazi. Mimi sipingi. Nina wajukuu Mbezi wanaooga kwa ndoo. Lakini bwawa ni uzio, tena mkubwa kuliko nyuzio zote za babu na za wenzake zikiunganishwa, na huko juu yake ndiko mikunga wanakokwenda kukaa miaka yao. Norwei wamejenga ngazi nyingi za maji katika mito yao ili samoni apite penye mabwawa. Mkunga hadai hata ngazi: mtoto wa mkunga hutosheka na ukuta wa mteremko wenye unyevu na mikwaruzo ya kushikia, na huko Ulaya huwawekea brashi tu ndani ya mfereji mwembamba. Miongoni mwetu wamo wahandisi wa maji, baadhi yao wastaafu wenye sauti bado. Nawaomba waliulize hilo mahali panapofaa, kwa jina la darasa letu, kwa kuwa mimi mwalimu wa historia mstaafu nikiuliza habari za mikunga huambiwa niende hospitali ya wazazi.

Mwaka juzi, nikirudi kutoka Chalinze, nilisimamisha gari darajani Ruvu. Kijana mmoja alikuwa na fungu la kambale, na pembeni, juu ya jani la mgomba, mkunga mmoja wa urefu wa mkono. Nikamsalimu, naye akaniamkia vizuri.

"Huyu umempata wapi, mwanangu?"

"Hapa hapa mtoni, mzee. Ila watu hawamtaki. Wanasema nyoka."

"Amezaliwa wapi?"

Akanitazama kama sisi tulivyomtazama Mwalimu. "Hapa hapa, mzee. Azaliwe wapi tena?"

Nikamweleza, nimesimama juani, habari ya Madagaska na ya uzi wa kioo, kwa dakika kama kumi. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akanipunguzia bei ikawa shilingi elfu tano. Nyumbani mke wangu alikataa kata kata kuweka kitu kile katika sufuria yake, nikampika mwenyewe uani, kwa nazi na ndimu.